Kilichomo Chunguni Mwetu



Katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, ni desturi kuhesabu magunia ya kahawa ya Ngara na mizigo ya pamba ya Biharamulo. Leo twaomba tuhesabu pia kilichomo chunguni.

Kila aliyepata kumenya ndizi ajua kwamba ikikatwa na kuachwa wazi hugeuka nyeusi, na ikikamuliwa ndimu hukawia kugeuka. Oksijeni iliyo hewani ndiyo iletayo weusi ule. Vitamini C ya ndimu husaidia kuuzuia. Mwilini nako, oksijeni ile ile ituwekayo hai huzaa chembe kali ziwezazo kutudhuru. Viini vizuiavyo madhara hayo huitwa antioksidanti. Vimo katika mchicha, nyanya, mapapai, mapera, na viazi vitamu vya rangi ya chungwa. Hata kahawa yetu inavyo.

Asidhani mtu kwamba vidonge vyatosha. Nchini Finland, wanaume wavuta sigara zaidi ya 29,000 walichunguzwa, na mwaka 1994 ikatangazwa kwamba waliopewa vidonge vya beta-karotini walipatwa na saratani ya mapafu zaidi ya wenzao. Faida, basi, tuitafute katika chakula chenyewe. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima ale gramu 400 za matunda na mboga kila siku, kwa uchache.

Hapa ndipo penye deni letu. Ni rahisi zao la fedha kupandwa hadi mlangoni, mboga zikakosa mahali. Na matunda mema yakaenda sokoni yote, watoto wasionje. Hatusemi tusiuze. Twasema kila mwanachama atenge matuta ya mboga karibu na maji, na akina baba wasiwanyime akina mama ardhi hiyo.

Mboga za majani zisipikwe mno, maana moto mwingi hupoteza vitamini C. Zitiwe mafuta kidogo, ili karotini ipokewe vema mwilini. Lakini kisamvu sharti kitwangwe na kuchemshwa sana, sumu yake itoke. Mboga za kuwekea kiangazi zikaushwe kivulini, maana jua kali huiharibu karotini.

Ndugu wanachama, mizani ya Chama hupima mazao yetu kwa haki. Tuwapimie watoto wetu kwa haki iyo hiyo.

Chama na kidumu.