Machozi ya Mchezoni: Hotuba kwa Wakristo na Waalimu



Katika siku hizi za Jubilii tumesikia nyimbo nzuri na kutazama michezo ya watoto wa shule. Wengi tumefurahi, na wengine wametokwa na machozi. Basi imetupasa kujiuliza: Je, furaha ile imetufanya kuwa watu wema zaidi?

Swali hili si jipya. Augustino, Mwafrika aliyezaliwa mwaka 354 huko Tagaste, katika nchi iitwayo sasa Aljeria, alilitafakari sana. Katika kitabu chake cha Maungamo asimulia ya kuwa, alipokuwa kijana masomoni Karthago, alipenda mno michezo ya kuigiza. Alililia misiba ya watu wa mchezoni. Wala hakuitwa kumsaidia mtu, bali kusikitika tu, na kwa kadiri alivyolia ndivyo alivyomsifu mwigizaji. Baadaye akastaajabu: ni huruma gani hii isiyonyosha mkono?

Lakini msidhani ya kuwa aliuchukia uzuri. Mwaka 387 alibatizwa Milano, na nyimbo za kanisa la huko zilimliza, akaona zimemfaa. Alipokuwa askofu wa Hippo aliogopa asije akapenda sauti kuliko maneno. Akakumbuka habari za Athanasio wa Aleksandria, aliyetaka zaburi ziimbwe kwa sauti iliyo karibu na kusema tu. Walakini, alipokwisha kupima yote, aliikubali desturi ya kuimba kanisani, kwa maana wimbo waweza kuuinua moyo ulio dhaifu.

Basi, twajifunza nini? Furaha ya uzuri ni kama mvua: hulainisha udongo, lakini haipandi mbegu. Shamba lililonyeshewa lisipopandwa huota magugu. Mtu akimlilia maskini wa mchezoni, kisha akampita mjane aliye jirani yake, machozi yale yamemfaa nani? Lakini mtu asiyeguswa na wimbo wala hadithi, naye ni kama ardhi kavu, jembe litaingiaje?

Kwa hiyo, waalimu, msiwanyime watoto nyimbo, ngoma wala michezo. Ila mchezo ukiisha, waulizeni: Katika kijiji chetu, ni nani aliye katika hali ya yule tuliyemlilia? Wakiisha kumtaja, ondokeni pamoja nao siku ile ile, mkamchotee maji na kumkatia kuni.