Tafuta Kwanza Mgongo wa Ufito



Wapendwa wasikilizaji, na hasa ninyi makatekista mnaotusikiliza katika vigango vya mbali, leo napenda tutafakari somo fupi la Injili ambalo mara nyingi hutupita, kwa kuwa halisomwi siku ya Dominika. Ni Injili ya Mathayo, sura ya 17, aya ya 24 hadi ya 27. Watoza kodi ya hekalu wanamjia Petro na kumwuliza kama Mwalimu wake hulipa kodi hiyo. Naye Bwana wetu, asipende kuwakwaza, anamtuma Petro aende ziwani akatupe ndoana. Samaki wa kwanza atakayemvua, akimfungua kinywa, ataikuta sarafu ya kutosha kodi ya watu wawili: ya Bwana, na ya Petro mwenyewe.

Ndugu zangu, Petro alikuwa mvuvi wa nyavu. Katika Injili zote nne, hapa tu ndipo tunapomwona akitumwa kuvua kwa ndoana. Wavu hukusanya wengi kwa mara moja, wala haujali nani ameingia. Ndoana humtafuta mmoja. Nami nadhani Bwana wetu alikuwa akimwandaa yule atakayekuwa mchungaji wa wengi, ili ajue ya kwamba zipo siku ambazo hana budi kuuacha wavu ufukweni na kumwendea mmoja peke yake.

Nimelichagua somo hili kwa sababu ya jambo lililonipata mimi mwenyewe. Wanaparokia wangu wajua ya kuwa jioni za Jumatatu, shughuli za Dominika zikiisha kutulia, nina kazi ya mikono niipendayo: natengeneza fito za kuvulia samaki. Siziuzi. Namtengenezea mtu mmoja mmoja, kwa kipimo cha mkono wake. Nilijifunza kazi hii miaka ya 1990, nilipokuwa mseminari, kutoka kwa Bruda mmoja mzee, mmisionari, aliyekuwa na karakana ndogo nyuma ya jiko la seminari.

Siku moja katekista wetu, mzee wa busara, alinikuta nikizungusha uzi kwenye ufito. Akatazama kitambo, kisha akasema, “Baba Padre, uniwie radhi. Watoto wa huku ziwani huvua kwa kijiti na uzi, na sato wanawapata. Wewe ufito mmoja wakuchukua juma tatu. Je, huku si kupoteza wakati wa Mungu?”

Swali lake lilikuwa la haki, nami sikulikasirikia. Nilimsimulia habari ya kitabu cha kale cha Kiingereza, kilichopigwa chapa Westminster mwaka 1496, chenye mafundisho ya kuvua kwa ndoana. Mapokeo husema kiliandikwa na mtawa mmoja wa kike, Juliana Berners, ingawa wataalamu wana mashaka juu ya jambo hilo. Kitabu hicho kinamwagiza mvuvi ajitengenezee ufito wake mwenyewe: aukate mti kati ya sikukuu ya Malaika Mkuu Mikaeli na sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, yaani kati ya mwisho wa Septemba na mwanzo wa Februari, autie katika joko la moto, aunyoshe, kisha auache ukauke mwezi mzima. Tena kinamwonya asivue kwa tamaa ya fedha wala asitwae samaki kupita kiasi, bali atafute kwanza burudiko na afya ya mwili na ya roho; na kwa kuwa atakuwa peke yake kando ya maji, asali sala zake kwa utulivu. Basi nikamwambia yule mzee, “Mwalimu, mikono yangu ikiwa na kazi, moyo wangu hupata nafasi ya kusali.” Akatabasamu, lakini naona hakuridhika sana. Na kweli, jibu lililo kamili sikuwa nalo bado. Nililipata baadaye, kwa aibu.

Ili mnielewe, sina budi kuwaeleza kidogo kazi yenyewe. Bruda alikuwa na ufito mmoja wa zamani, ulioletwa kutoka kwao. Ulikuwa wa mwanzi uletwao kutoka mkoa wa Guangdong, kule China. Fundi huupasua mwanzi wa namna hiyo kuwa vipande vyembamba virefu, huchagua sita, huvipiga randa hata kila kimoja kiwe na pande tatu, kisha huviunganisha kwa gundi viwe kitu kimoja. Bruda alituonyesha ya kwamba nguvu ya mwanzi imo katika nyuzi zilizo karibu na ganda la nje. Kwa hiyo fundi hupunguza upande wa ndani; akiupunguza upande wa nje, amezitupa nguvu zenyewe pamoja na takataka.

Siku hizi fito nyingi hutengenezwa kwa faiba au kwa nyuzi za kaboni, zikiwa na uwazi ndani. Kiwanda hutoa ufito mtupu, naye fundi huutia mshikio, kikalio cha gurudumu la mshipi, na zile pete ndogo ambamo mshipi hupita. Ufito wa futi 7 huhitaji pete kama 7 au 8, pamoja na ile ya nchani. Mshikio wa nyuma hupimwa kwa mkono wa mtumiaji, tangu kiganja hadi kiwiko. Kila pete hufungwa kwa uzi, mzunguko mmoja ukiubana mwenzake, na mwisho wa uzi huvutwa chini ya mizunguko hiyo hiyo, pasipo fundo hata moja. Halafu hupakwa vanishi nzito, na ufito huzungushwa polepole kwa saa kadhaa ili vanishi isijikusanye upande mmoja na kudondoka.

Lakini kabla ya hayo yote kuna jambo la kwanza. Ufito, hata ukionekana umenyoka kabisa, hauna nguvu sawa pande zote. Upo upande ulio mgumu na upande ulio laini. Bruda aliuita upande ule mgumu “mgongo”. Ili kuujua, wausimamisha ufito kwenye sakafu laini, ncha yake waishika kwa kiganja kilicho wazi, kisha waubonyeza katikati kwa mkono wa pili. Hapo ufito hujizungusha wenyewe na kutulia mahali pamoja. Umekwambia jinsi unavyopenda kupinda. Mafundi wanabishana kama pete zifungwe juu ya mgongo au upande ulio kinyume chake, na wengine husema tofauti yake ni ndogo. Bruda hakuingia katika ubishi huo. Alisema tu, “Uulize ufito kwanza, ndipo ufunge.”

Basi, ndugu zangu, mwaka mmoja nilifanya haraka. Nilitaka kwenda na ufito mpya ziwani wakati wa mapumziko, nami nikafunga pete zote usiku mmoja bila kuuliza chochote. Ulipendeza macho. Siku ya tatu sangara mmoja mkubwa alishika ndoana. Ufito ulipopinda, ukaanza kunigeuka mkononi, nikawa napigana na ufito badala ya kupigana na samaki. Mshipi ukakatika.

Pale mwaloni alikuwapo mwanamume mmoja akishona wavu. Akaja, akaniomba aushike ufito. Akausimamisha juu ya ubao wa mtumbwi, akaubonyeza kama nilivyofundishwa na Bruda, ingawa yeye hakufundishwa na mtu. Akasema, “Baba, umeufunga kinyume na mgongo wake. Kila ukivutwa, wataka kurudi ulivyoumbwa.” Nikamwuliza amejuaje. Akasema hata mianzi ya watoto ina mgongo, mradi mtu atazame.

Kisha akaniuliza, “Hunikumbuki, Baba?”

Sikumkumbuka. Akanikumbusha. Nilipokuwa padre kijana, alikuwa katika darasa la Komunyo ya Kwanza. Hakuweza kukariri. Amri za Mungu alizichanganya, na maswali ya katekisimu aliyajibu kwa kukatakata maneno, huku wenzake wakimcheka. Hapo ndipo nilipomkumbuka. Nikakumbuka pia ya kuwa siku moja aliwaeleza wenzake habari ya Bwana wetu kuituliza dhoruba, akiuonyesha mtumbwi na mawimbi kwa mikono yake, nao wote wakanyamaza kumtazama. Nami nililiona jambo hilo, lakini halikuwa na nafasi katika daftari langu la alama. Nilimwambia arudi mwakani. Akarudi. Nikamwambia tena arudi mwakani. Hakurudi.

Juma mbili baadaye alifika ofisi ya parokia, amemshika mkono binti yake wa miaka 9. Hakuketi. Akasema, “Baba, huyu kichwa chake ni kama changu. Nikimleta kwenye mafundisho, mtamfanyaje?”

Nilianza kwa kumwomba radhi kwa yale niliyomtendea. Akanisikiliza hata mwisho, kisha akasema kwa upole, “Mimi nilikwisha kukusamehe, Baba. Nimeuliza habari ya mtoto.”

Wapendwa wasikilizaji, nimehubiri miaka mingi, lakini sijapata kuulizwa swali zito kuliko hilo. Nami nawaletea ninyi makatekista, wazazi na mapadre wenzangu. Mtoto asiyeenea katika kipimo chetu, tutamfanyaje?

Sisi tulifanya hivi. Yule katekista mzee, yule yule aliyeniuliza habari ya kupoteza wakati, alikubali kubaki na binti huyo nusu saa kila Jumamosi, wenzake wakiisha kuondoka. Juma la kwanza hakumfundisha kitu. Alimsikiliza tu. Akagundua ya kwamba mtoto hasomi vizuri, lakini hadithi akisimuliwa mara moja haipotei. Wakaichukua sala ya Baba Yetu ombi moja moja, kila ombi na kisa chake cha Injili. Siku moja mzee akanijia akicheka. Akasema, “Baba, sasa nimeelewa zile juma tatu za ufito wako.”

Lakini hapa nataka tuelewane vizuri, asije mtu akasema Padre amefundisha kwamba kila mtu aamini apendavyo. La, hasha! Pete za ufito ni zile zile. Ukiacha moja, mshipi utakwama au utakatika. Amri ni zile zile, Sakramenti ni zile zile, Imani ni ile ile tuliyoipokea kwa Mitume. Hatupunguzi kitu. Tunachouliza ni jinsi ya kuzifunga pete hizo juu ya mtu huyu, ambaye Mungu amempa mgongo wake, ili siku atakapovutwa na majaribu, asigeuke.

Tena tutazame tunapunguza nini. Wako watoto ambao nguvu zao zipo nje, mahali paonekanapo: huyu ana maswali mengi, yule hatulii, mwingine hucheka upesi. Sisi kwa haraka twapiga randa pale pale, mpaka mtoto awe kimya na laini. Ndipo twasema amekuwa mwema. Tuangalie tusije tukazitupa nguvu pamoja na takataka.

Bwana wetu ndivyo alivyotenda. Yule kiziwi katika Injili ya Marko, sura ya 7, alimtenga na umati, akamgusa masikio na ulimi, kwa maana mtu asiyesikia angefaidi nini kwa hotuba? Tomaso alimwonyesha majeraha. Petro alimwuliza mara tatu, kando ya ziwa lile lile, kama anampenda. Na Nabii Isaya, katika sura ya 42, alikwisha kutabiri ya kuwa Mtumishi wa Bwana hatamalizia kuuvunja utete uliokwisha kupondeka. Mikono yetu, ndugu zangu, imekwisha kuvunja mitete mingapi kwa kufanya haraka tu?

Juma hili, kila mmoja wetu amkumbuke mtu mmoja: mtoto aliyeacha mafundisho, kijana aliyeondoka kwaya kwa uchungu, jirani tuliyemwambia arudi kesho. Tusimwandikie barua ya kumlaumu. Tumwendee na tumsikilize kwanza.

Binti yule alipokea Komunyo ya Kwanza sikukuu ya Pasaka iliyopita. Baba yake alisimama mlangoni mwa kanisa, kofia mkononi, mpaka Misa ilipokwisha. Tangu siku ile huja Dominika nyingi na kuketi benchi la nyuma kabisa. Yeye mwenyewe hajaikaribia meza ya Bwana, na jambo hilo ninalibeba katika sala zangu kila siku. Jumatatu huja karakanani kwangu, tukaketi pamoja. Tulizifungua pete zote za ule ufito nilioukosea, na tumezifunga upya. Juzi tuliupaka vanishi, tukawa tunauzungusha kwa zamu, yeye kidogo na mimi kidogo, bila kusema mengi. Sijamharakisha. Vanishi ikiguswa kabla ya kukauka, alama ya kidole hubaki.

Mwombeeni, na mniombee mimi pia. Naye Mungu Mwenyezi, aliyemfinyanga kila mmoja wetu kwa mkono wake na kumjua kwa jina, awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.