Mswaki, Kichaka Kinacholisha Jangwa

Wengi wetu tunaujua mswaki kama kijiti cha kusugulia meno. Leo tuutazame ukiwa hai, kando ya mto Turkwel, kaskazini mwa Kenya, ambako Waturkana huuita esekon.

Kiangazi kikikausha miti mingine, mswaki hubaki kijani. Mizizi yake hufuata maji chini kabisa ya mchanga, na majani yake manene huvumilia chumvi ambayo ingeua mimea mingi. Matunda ni madogo kama punje za mbaazi, huiva yakawa mekundu au zambarau, kila moja na mbegu moja tu. Tafuna moja: kwanza utamu, kisha ukali unaopanda hadi puani. Ukali huo hautushangazi, maana mswaki una unasaba na haradali, na ukali wenyewe ni kinga yake dhidi ya wadudu. Ndege humeza tunda na kuidondosha mbegu mbali na mama yake. Watu huyala matunda hayo papo hapo au huyakausha yawe akiba. Ngamia hula majani.

Adui mkubwa wa mswaki ni mathenge, mti wa kigeni ulioletwa kuzuia jangwa, ambao sasa umesonga kingo za mito. Nasi tunaong'oa mizizi ili tupate vijiti tunauumiza mswaki zaidi. Ndugu mchuuzi, kata tawi, mzizi uache ardhini. Nawe mfugaji, ukiona mche wake umeota kivulini, uwekee uzio wa miiba mpaka ujitegemee.