Gari Lina Umeme, Mbona Haliwaki?



Barabara hii ipitishayo shehena kutoka Mombasa kuelekea Kampala haina nafasi ya gari lililokwama. Gari moja likikataa kuwaka, foleni hurefuka, giza huingia, na mwenye gari hubaki mikononi mwa yeyote ajitokezaye, awe fundi au mwizi. Ndiyo maana polisi twazungumza leo habari za gereji.

Wengi hushangaa: taa zinawaka, redio inasikika, mbona injini haiwaki? Sababu ni kwamba taa na redio hutumia umeme kidogo, ilhali stata huhitaji umeme mwingi sana kwa mara moja. Betri iliyojaa hupima takriban volti 12.6. Ikishuka chini ya volti 12, taa huweza kuwaka bado, lakini stata ikashindwa kuzunguka.

Kwanza jilindeni. Washeni taa za tahadhari, wekeni pembetatu nyuma ya gari, na abiria wasimame mbali na barabara. Kisha geuzeni ufunguo, msikilize.

Mkisikia mlio wa haraka, ta-ta-ta, na taa zikififia, betri ni dhaifu, au vichwa vyake vimelegea au vimeota kutu. Visafisheni na kuvikaza kabla ya kununua betri mpya.

Mkisikia mlio mmoja mzito, na taa zisififie, shaka ni ya stata au nyaya zake.

Pakiwa kimya kabisa, tazameni gia. Gari la otomatiki haliwaki ila gia ikiwa P au N. Na baadhi ya magari ya gia za mkono hudai klachi ikanyagwe. Kagueni pia fyuzi.

Stata ikizunguka vizuri na injini isishike, kosa si la betri. Chunguzeni mafuta, pampu yake na plagi. Taa yenye alama ya ufunguo ikimetameta, huenda gari halijautambua ufunguo. Jaribuni ule wa akiba. Kifaa hicho kimewekwa kuzuia wizi. Asiyejulikana akiahidi kuking'oa kando ya barabara, mkataeni.

Gari la otomatiki msilisukume mkitumaini litawaka. Mtachosha watu na kuwahatarisha bure. Na gari lolote lisisukumwe gizani katikati ya malori.

Kwa fundi msiyemfahamu, mwelezeni mlichosikia, lakini ufunguo ubaki mkononi mwenu. Mkiona dalili za hatari, pigeni 999 au 112, bila malipo, hapa Uganda. Ajuaye kasoro ya gari lake hadanganyiki upesi, wala hakai barabarani muda mrefu.