Mafunjo na Jamaa Zake



Mmea niliouteua uwe maudhui ya mhadhara huu ni mafunjo, ambayo mwanabotania Linnaeus aliyasajili mwaka 1753 kwa jina la Cyperus papyrus, na ambayo watu wengi huyadhania kuwa ndugu wa matete kwa sababu huota pamoja kandokando ya maziwa yetu. Walakini bua la tete ni la mviringo, lina vifundo na uwazi ndani, kama ilivyo ada ya nyasi, ilhali bua la funjo lina pembe tatu, halina kifundo, na limejaa moyo mweupe, mwororo. Jamaa yake wa kweli ni ndago, adui wa mkulima, ambaye hata aking'olewa, viazi vyake vidogo vilivyosalia ardhini huchipua upya. Ukoo wao mzima una spishi zipatazo 5,500.

Uhai wa mafunjo haumo katika bua, ingawa bua hilo hufikia mita 4 au 5 na kuvikwa shungi la kupendeza, bali umo katika shina nene linalotambaa chini, likisukana na mashina mengine na mizizi hata likafanyika jamvi linaloelea juu ya maji, lenye nguvu ya kumchukua nzohe, yule mnyama mwenye kwato ndefu. Bua likizeeka, sehemu ya virutubisho vyake hurejea shinani kabla halijakauka. Kwa hiyo mvunaji akatapo mabua ya mikeka na kuezekea, akaliacha shina salama na kulipa muda wa kupumua, mafunjo humea tena.

Misri ya kale iliyategemea mafunjo kwa mashua, kamba na karatasi. Maandiko ya kale kuliko yote yaliyopatikana juu ya karatasi hiyo, yaliyofukuliwa Wadi al-Jarf mwaka 2013, yaeleza safari za kusafirisha mawe ya chokaa ya piramidi ya Farao Khufu. Na bado, baada ya karatasi ya matambara kushika nafasi ya ile ya mafunjo na vinamasi kugeuzwa mashamba, mmea huo ulikaribia kutoweka kabisa katika nchi hiyo, hata Mmisri Hassan Ragab alipotaka kuihuisha sanaa ya kutengeneza karatasi ya mafunjo katika miaka ya 1960, ikambidi kuyapanda upya.

Nayasema haya kwa uchungu, kwani hapa kwetu kinamasi aghalabu huhesabiwa kuwa ardhi iliyokosa mwenyewe. Mathalani, kule Nakivubo, mjini Kampala, majitaka huelekea Ziwa Viktoria kwa kupitia kinamasi. Mahali palipo na mafunjo yanayoelea, maji hupita chini ya jamvi, katikati ya mizizi inayoning'inia, ambayo hunyonya naitrojeni na fosforasi kutoka majini. Lakini pale mifereji inapochimbwa ili kupanda magimbi, maji hukimbilia ziwani yakiwa na uchafu wake, upande uleule ambako mji huteka maji ya kunywa.