ULINZI WA MPAKA UNAANZA NYUMBANI

Maneno tuliyosema Jumapili mbele ya wafanyakazi na wakaaji wa mji wa Kolwezi



Tunafurahi kuwaona wengi hivi. Tunajua kwamba wengine wametoka katika zamu ya usiku na hawajalala bado. Kwa hiyo hatutawachosha na maneno ya bure. Tumekuja kusema neno moja tu: usalama. Hatusemi usalama wa wakubwa wenye walinzi mlangoni. Tunasema usalama wenu, nyinyi mnaotoka alfajiri kwenda kazini na mnaotaka kurudi jioni mkute mke, watoto na sahani ya bukari.

Watu wengi wanafikiri kwamba vita inatoka inje kama mvua, na mtu hawezi kuizuia. Wengine wanasema hatia yote ni ya wageni. Sisi tunasema hivi: vita ina wazazi wawili, siasa mbaya ya ndani na tamaa ya wageni. Mzazi mmoja akikosekana, mtoto hazaliwi. Kusudi muone kwamba hatusemi uongo, tuanze na mambo ya mji wetu huu.

Tarehe 11 Julai 1960, siku 11 tu baada ya uhuru, Bwana Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga inajitenga na Kongo. Ubelgiji ulimsaidia na askari wake, na Union Minière ililipa kodi kwake Elisabethville, haikulipa Léopoldville. Wageni walitaka shaba. Wakubwa wa hapa walitaka viti. Mwezi wa Januari 1963 askari wa Umoja wa Mataifa waliingia hapa Kolwezi, mji wa mwisho uliobaki mikononi mwa Tshombe, na mambo ya kujitenga yakaisha.

Lakini askari wake, wale majandarma, walikwenda wapi? Wengi walivuka mpaka wa Angola pamoja na bunduki zao. Mwaka 1964 Tshombe alirudi kuwa waziri mkuu wa Kongo nzima, naye akawaita wengi waingie katika jeshi. Mwaka 1965 Mobutu alitwaa serikali. Mwaka 1966 na tena mwaka 1967 majandarma hao waliasi kule Kisangani. Maasi yaliposhindwa, wengine waliuawa, wengine wakavuka mpaka tena. Katika miaka hiyo yote serikali haikuuliza: watu hawa watakula nini? Watakaa wapi? Wao ni watoto wa nani?

Wageni ndio waliouliza. Wareno, waliotawala Angola wakati ule, waliwapa chakula na mshahara, wakawapeleka kupigana na Waafrika waliodai uhuru wa inchi yao. Wareno walipokuwa wakiondoka mwaka 1975, watu wale wale wakajiunga na MPLA, adui wa Wareno. Wandugu, mtu asiye na kwao ni hivyo. Leo anabeba bunduki ya huyu, kesho ya yule, maana hakuna anayempa chakula bila bunduki.

Na Mobutu alifanya nini? Yeye alikuwa rafiki wa FNLA ya Bwana Holden Roberto, na mwaka 1975 akapeleka askari wake ndani ya Angola kuipiga MPLA. MPLA ikashinda. Basi inchi mbili zikawa majirani wabaya. Kila moja ilikuwa na wafukuzwa wa mwenzake, wenye silaha na wenye hasira.

Mfanyakazi ndiye aliyelipa kwanza. Reli ya Benguela, iliyopeleka shaba yetu mpaka bandari ya Lobito, ilifungwa mwezi wa Agosti 1975 kwa sababu ya vita ya Angola. Shaba ikabidi kuzunguka kwa njia ndefu za kusini. Na bei ya shaba katika soko la dunia ilikuwa imekwisha kuanguka tangu mwaka 1974.

Tarehe 8 Machi 1977 wafukuzwa wakarudi. Walikuwa na chama chao, FNLC, na mkubwa wao alikuwa Nathanaël Mbumba. Walishika Dilolo, Kisenge, Kapanga na Mutshatsha, wakaelekea huku kwetu. Jeshi la Mobutu halikuweza kuwazuia peke yake. Askari ambaye mshahara wake umeliwa na mkubwa wake hana sababu ya kufa kwa ajili ya mkubwa huyo. Moroko ikaleta askari 1500 katika ndege za Wafaransa, na mwisho wa mwezi wa Mei vita ikaisha.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye fundisho. Baada ya kushinda, askari wa serikali waliwatesa wakaaji wa upande wa Walunda kana kwamba wote walikuwa waasi. Makumi ya maelfu wakakimbilia Angola. Bwana Nguza Karl-i-Bond, mtoto wa upande huo na waziri wa mambo ya inje, alikamatwa na kuhukumiwa kufa mwaka ule ule wa 1977, ingawa baadaye aliachwa hai. Maana yake ni nini? Serikali ilishinda vita, halafu yenyewe ikawapelekea adui askari wapya.

Hata mwaka mmoja na nusu haukupita. Tarehe 13 Mei 1978 FNLC iliingia hapa hapa Kolwezi, safari hii kwa kupitia Zambia. Wazee waliomo kati yetu wanakumbuka siku zile. Tarehe 19 Mei askari wa Légion ya Ufaransa waliruka kwa miavuli, na Wabelgiji wakafuata kesho yake. Wazungu zaidi ya 100 waliuawa, na Waafrika walikufa kwa mamia. Magazeti ya Bulaya yaliandika sana juu ya wazungu wale, na hatuwalaumu, kila mtu analia wafu wake. Lakini wafu wetu, wengi wao walizikwa bila jina.

Mafundi wa kizungu waliondoka, mashine zikasimama. Katika soko la dunia bei ya kobalti ikapanda sana, maana sehemu kubwa ya kobalti ilitoka kwetu. Mwenye akiba ya kobalti ghalani huko mbali alipata faida. Mfanyakazi wa hapa alipata njaa.

Na wageni waliokuja kutuokoa, je, walikuja bure? Hatusemi kwamba miavuli ile haikuokoa watu. Iliokoa. Lakini mwaka ule ule wa 1978 wakopeshaji walimweka mtu wao, Mjerumani Erwin Blumenthal, ndani ya Banki ya taifa kusudi aangalie feza. Hata yeye hakuweza kuwazuia wakubwa wasiile, akaondoka. Nyumba inayolindwa na jirani, jirani anataka pia ufunguo wa sanduku.

Je, mpaka wa Angola ulitulizwa na nini? Haukutulizwa na miavuli. Mwaka 1978 Mobutu na Rais Agostinho Neto wa Angola walipatana, kila mmoja akaahidi kuwazuia waasi waliokaa kwake. Vita ya tatu ya namna ile haikutokea. Lakini kazi ilifanywa nusu. Wakubwa wawili walipatana, wafukuzwa wenyewe walibaki. Mwaka 1997, wakati AFDL ya Laurent-Désiré Kabila ilipokwenda kumwondoa Mobutu, majandarma wale wa zamani na watoto wao walikuwamo kati ya askari walioletwa kutoka Angola. Kutoka 1963 mpaka 1997 ni miaka 34. Mtoto aliyezaliwa katika kufukuzwa alikuwa amekwisha kuwa baba.

Wandugu, tusinyooshe kidole kwa serikali peke yake. Sisi wenyewe tulifanya nini? Mwezi wa Agosti 1992 Bwana Étienne Tshisekedi alichaguliwa kuwa waziri mkuu mahali pa Nguza, yule yule aliyehukumiwa kufa mwaka 1977. Baada ya hapo vijana wa chama cha Nguza, UFERI, pamoja na wakaaji wengine, waliwashambulia wandugu zetu wa asili ya Kasai, hapa Kolwezi, Likasi na miji mingine. Mamia ya maelfu walitolewa katika nyumba walizozaliwa ndani yake. Walikaa gareni wakingoja treni, na wengi wakafa pale, watoto mbele. Hawakuwa wageni. Walikuwa wenzetu wa zamu moja na shimo moja. Wakubwa waligombea kiti, na sisi tukapigana na jirani. Lazima tuseme jambo hili kwa sauti, maana asiyetaja kosa lake atalirudia.

Sasa tutazame mashariki, kule Kivu, mtaona njia ile ile. M23 ilianza mwaka 2012, ikaingia Goma mwezi wa Novemba, na mwaka 2013 ilishindwa na jeshi letu pamoja na askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa. Watu wakashangilia. Lakini waasi walivukia Uganda na Rwanda, na ahadi zilizoandikwa Nairobi mwezi wa Desemba 2013 hazikutimizwa vizuri. Mwisho wa mwaka 2021 wakarudi. Mwaka 2024 walishika Rubaya, mahali pa koltani. Mwaka 2025 walishika Goma mwezi wa Januari na Bukavu mwezi wa Februari. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba jeshi la Rwanda liliwasaidia. Rwanda ilikana.

Hatumpi mtu yeyote ruhusa ya kuvunja mpaka wetu. Inchi ni yetu na mali ni yetu. Lakini tuseme kweli yote: FDLR, kundi lililotoka kwa watu waliokimbia Rwanda mwaka 1994 baada ya mauaji makubwa, lilikaa katika misitu yetu miaka mingi, na mara nyingine wakubwa wa jeshi letu walilitumia. Ni mambo ya Mobutu na Angola tena. Mfukuzwa wangu kwako, mfukuzwa wako kwangu, na raia katikati.

Tarehe 27 Juni 2025 mawaziri wa Kongo na Rwanda walitia sahihi mapatano kule Washington, na Marekani ilisema wazi kwamba inatazama pia madini. Si ajabu. Shaba iliwaleta Wabelgiji, kobalti na koltani zinawaleta wengine. Mgeni hana dhambi kwa kutaka kununua. Dhambi ni yetu kama tunauza gizani na kununulia feza hiyo viti badala ya amani.

Basi tunadai nini?

Kwanza, mshahara wa askari ufike mkononi mwake wote na kwa siku yake. Askari mwenye njaa ni mlango wazi.

Pili, mapatano yote ya madini yasomwe mbele ya watu, hata yale yanayofanywa kwa jina la usalama. Mfanyakazi anayetoa jasho ajue kilo imekwenda wapi na franka imerudi wapi.

Tatu, kila mapatano ya amani yaseme waziwazi watu waliokimbia watarudi namna gani, watakaa wapi, watafanya kazi gani, na nani atahukumiwa kwa mauaji. Wasamehewe wanaostahili msamaha, wahukumiwe wenye damu mikononi. Lakini wasiachwe mpakani wakingoja bwana mpya.

Nne, na hii ni ya kwetu sisi, si ya wakubwa: mtu akija kambini kuwaambia kwamba jirani yenu ni adui kwa sababu ya kabila lake au lugha yake, muulizeni anagombea kiti gani. Halafu mwacheni aende zake. Msimpe kijana hata mmoja.

Wandugu, hatuna mizinga, lakini tuna mikono inayotoa shaba, na tuna midomo ya kuuliza. Tukiuliza pamoja, Mlunda, Muluba, Mubemba, mtu wa Kasai na mtu wa Kivu, mlango wa ndani utafungwa. Na mlango wa ndani ukifungwa, mgeni atabisha hodi kama mgeni, na atangoje tumkaribishe.

Umoja! Haki! Kazi na amani!