Wimbo Mmoja Hadi Mwisho

(Maneno yaliyosemwa na mwanafunzi wa zamani, mtumishi wa Serikali, katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani wa shule yetu, Kigamboni.)



Nimeombwa niseme juu ya muziki na namna mtu anavyoweza kuwa fundi wake. Nilishangaa kidogo, kwa sababu tuliosoma pamoja wanakumbuka jinsi muziki ulivyoniaibisha katika ukumbi huu huu. Kwa ajili yenu vijana ambao hamkuwapo, nitaieleza habari hiyo kwa ufupi.

Mwaka 1998 nilikuwa kidato cha tatu. Nilikuwa na gitaa la kuazima, na wenzangu waliniita fundi. Ufundi wangu wote ulikuwa mwanzo wa wimbo mmoja. Niliupiga bwenini, niliupiga chini ya mnazi, niliupiga tukingoja pantoni kule Magogoni, maana daraja lililofunguliwa mwaka 2016 halikuwapo bado. Katikati ya wimbo palikuwa na mahali pagumu. Kila nilipofika hapo niliacha, nikarudi mwanzo, nikasifiwa tena.

Siku ya mahafali nilipanda jukwaani. Mwanzoni watu walipiga makofi. Nilipofika mahali pale pagumu vidole vilisimama. Nikarudi mwanzo, nikasimama tena pale pale. Mara ya tatu ukumbi mzima ulicheka, na marehemu baba, aliyekuwa amevuka maji kuja kunitazama, aliinamisha kichwa. Wiki ile ile nililirudisha gitaa kwa mwenyewe, na kwa miaka ishirini sikulishika tena.

Ndugu zangu, mimi sikukosa bidii. Nilipiga kila siku. Kosa langu ni kwamba nilirudia nilichokijua na kukimbia nisichokijua. Yafaa tuitofautishe michezo na mazoezi. Mtu anayepiga anachokiweza anajiburudisha, wala si dhambi. Anayefanya mazoezi hukaa pale panapomshinda.

Wazee wetu wa muziki walilijua jambo hili. Mfikirieni Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika familia ya watu waliowahi kuwa watumwa. Hakwenda shule. Alifinyanga vyungu na kuvitembeza akiviuza. Yapata mwaka 1911 alihamia mjini, na huko Ali Muhsin akamfundisha kuimba na kupiga udi. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi sahani za santuri, na sauti yake ikaenea pwani nzima. Toka 1911 hadi 1928 ni miaka kumi na saba! Shaaban Robert aliandika wasifu wake, nanyi vijana mkiusoma mtaona kuwa sauti nzuri alizaliwa nayo, lakini ufundi aliutafuta kwa mwalimu, akiwa tayari mtu mzima.

Tuje karibu zaidi, kwenye bendi zetu. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, nayo DDC Mlimani Park mwaka 1978. Katika bendi za namna hiyo mtunzi alileta maneno na sauti yake, kisha wapigaji wa solo, rithimu, besi, tumba na tarumbeta wakatafuta pamoja kila mmoja aingie wapi na anyamaze wapi. Kazi hiyo haikumalizika kwa siku moja. Halafu walikwenda Radio Tanzania Dar es Salaam kurekodi. Bendi nzima ilipiga kwa pamoja, wala hapakuwa na mitambo ya kumrekebisha mmoja mmoja baadaye kama ilivyo leo. Akikosea mpiga tarumbeta mwishoni mwa wimbo, wote walirudi mwanzo. Basi siku ya kurekodi ndiyo iliyokuwa lengo. Kila mmoja aliijua, na kila mmoja aliogopa kuwa yeye ndiye atakayewarudisha wenzake.

Wataalamu wa nchi za nje nao wamelichunguza jambo hili. Mwaka 1993 K. Anders Ericsson na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya wanafunzi wa fidla mjini Berlin. Waliona kuwa waliokuwa bora, walipofika umri wa miaka 20, walikuwa wamefanya mazoezi ya peke yao kwa wastani wa saa 10,000 hivi. Watu wengi wameishika hesabu hiyo wakaacha yaliyo muhimu zaidi: kwamba mazoezi hayo yalilenga kurekebisha makosa, na kwamba wanafunzi hao waliyagawa katika vipindi vyenye mapumziko, tena walilala vya kutosha. Basi asijidanganye mtu kwa kukesha na gitaa usiku mmoja kabla ya mahafali.

Mwaka 2019 nilihamishiwa Dodoma kikazi, familia ikabaki huku. Jioni zilikuwa ndefu. Huo ndio mkoa wa marehemu Hukwe Zawose, fundi wa zeze na marimba ya Kigogo, ambaye alianza kupiga akichunga ng'ombe, akaja kuwa mwalimu katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na akapiga muziki wake mbele ya watu wa Ulaya. Nilinunua gitaa. Nilichukua wimbo ule ule ulionishinda. Safari hii niliandika kwenye daftari: wimbo mmoja, hadi mwisho, kabla ya mwezi wa Desemba. Kila jioni dakika ishirini. Nilianza na mahali pagumu, sauti nne tu, polepole mpaka nione aibu kwa upole wake. Sikuongeza mwendo mpaka nimepiga mara tano bila kosa. Jumapili nilijirekodi kwa simu na kujisikiliza, jambo lenye uchungu lakini lenye manufaa. Mahali palipomshinda kijana wa kidato cha tatu palichukua wiki sita. Wiki sita, ndugu zangu! Kwa wiki sita nilibeba aibu ya miaka ishirini. Baba alikwisha fariki. Hakuusikia mwisho wa wimbo ule.

Sasa nizungumze nanyi wanachama wenzangu. Tumependekezewa kuchanga fedha tuinunulie shule vyombo vya muziki. Naunga mkono. Lakini tukumbuke vyombo vya zamani vilivyofungiwa stoo hadi nyuzi zikaota kutu na ngozi za ngoma zikaliwa na panya. Chombo bila ratiba ni mzigo. Kwa hiyo naomba, kabla hatujafungua mifuko, yapatikane mambo manne: mwalimu atakayelipwa posho, saa maalumu katika ratiba ya wiki, mwanafunzi mwenye dhamana ya ufunguo, na siku iliyotajwa ya kupiga mbele ya watu. Yakikosekana hayo, fedha zetu tupeleke maktaba.

Nanyi vijana, msingoje vyombo. Koo mnazo, viganja mnavyo. Chagueni wimbo mmoja, mtafute mahali panapowashinda, mkae hapo. Msiwacheke wanaokosea, kwani kicheko cha siku moja kinaweza kumnyamazisha mtu miaka ishirini. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwisho, Ndugu Mwenyekiti, naomba niandikwe katika kumbukumbu za mkutano huu: mwakani, katika ukumbi huu, nitaupiga wimbo ule pamoja na wanafunzi watakaokuwa tayari, hadi mwisho. Nikisimama katikati, mnayo ruhusa ya kucheka. Lakini sitarudi mwanzo, wala gitaa sitalirudisha.